Saa ya Walimu Kukaa Pamoja Iwemo Kwenye Ratiba

Mzazi akipita shuleni saa 4 asubuhi akawakuta walimu sita wamekaa chini ya mti wakijadiliana, atasema wamekimbia vipindi. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Tangu elimu bila ada ianze Tanzania mwaka 2016 madarasa yamejaa, na kiwango cha mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 shule nyingi za umma hazikifikii. Mwalimu akitoka darasani, anayebaki mbele ya watoto ni kiranja. Wapo pia wanaohofia kwamba vikao hivi vitazaa muhtasari na sahihi za mahudhurio tu, faili lionekane limejaa.

Lakini tuangalie tunachomtaka mwalimu afanye. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unataka kila shule iwe na jumuiya ya kujifunza, walimu wakae wenyewe, wachague mada inayowatatiza, na mwenzao mmoja aongoze. Wakae saa ngapi? Chukua darasa la watoto 90. Kusahihisha daftari moja kwa dakika 2 ni dakika 180, saa 3 nzima, na hilo ni zoezi moja la somo moja. Mwalimu huyo ana masomo mengine, ana maandalio, na wiki nyingine ana zamu. Kikao kikisogezwa hadi baada ya vipindi, anafika amechoka, ana njaa, na daftari bado zinamsubiri. Halafu tunashangaa kwa nini mazungumzo hayana uhai! Muhtasari mtupu tunaouogopa unazaliwa hapohapo.

Na kuna mambo ambayo mwenzako tu ndiye anayeweza kukusaidia. Mbele ya mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, ni mwalimu gani atasema wazi, "Hesabu za sehemu zinanishinda kufundisha"? Kwa mwenzake wa darasa la jirani atasema. Au mwalimu mgeni aliyepangiwa kazi Mvumi, mkoani Dodoma, anapokea watoto wa Darasa la Kwanza wanaozungumza Kigogo nyumbani. Mwalimu aliyekaa hapo miaka mingi anajua ni maneno gani ya Kiswahili yanawakwamisha watoto hao na jinsi ya kuyafikia. Ujuzi huo hauletwi na semina ya siku mbili mjini, na mwenye nao akistaafu bila kumwachia mtu, umepotea. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeongeza uhitaji huo wa walimu kusaidiana.

Kwa hiyo naona saa moja kwa wiki iandikwe kwenye ratiba, madarasa mawili yaunganishwe kwa usomaji chini ya mwalimu mmoja, kwa zamu, ili wengine wakutane. Wazazi waelezwe mapema kwenye mkutano wa shule.

Shule yenye walimu wanne haiwezi hivyo, nakubali. Hao wakutane na wenzao kwenye kituo cha walimu cha kata, na nauli yao ipangwe kwenye bajeti ya halmashauri, isitoke mfukoni mwao.