Harufu ya karafuu Java

Asubuhi yangu ya kwanza Yogyakarta, mji wa kisiwa cha Java nchini Indonesia, nilisimama njiani nikidhani nimerudi Pemba. Mtaa mzima unanukia karafuu. Nikatafuta majamvi yaliyoanikwa, nikamwona mzee kibarazani anavuta sigara, na kila akivuta inaalika kama chumvi iliyotiwa motoni. Ndiyo kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu. Zamani Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu. Kisha wakapanda zao wakajitosheleza, na wazee wa Pemba wanajua kilichotufika.

Java ina watu zaidi ya milioni 150, zaidi ya mara mbili ya Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 2022, na kisiwa chenyewe hakifiki sehemu ya saba ya Tanzania. Jakarta siipendi: foleni haziishi, na upande wa pwani mji unadidimia kwa kuvutwa maji ya chini ya ardhi. Lakini toka nje ya mji uone mpunga ulivyopandwa ngazi kwa ngazi mlimani, hadi ukingo wa barabara. Merapi, mlima wa volkano, ulilipuka ukaua watu zaidi ya 300 mwaka 2010, na wakulima wamerudi kulima miteremko yake, maana majivu yale yale ndiyo mbolea.

Mama mwenye nyumba wangu, ninayemwita Bu, hupika gudeg: fenesi bichi, tui la nazi na sukari ya mnazi, sufuria inatokota kutwa. Meza kwao ni meja, habari ni kabar, bendera ni bendera. Sijajiona mgeni sana.

Linaloniuma ni karafuu. Mjini Kudus wanawake kwa maelfu wanakaa viwandani wakisokota kretek kwa mkono. Sigara siitetei, inaua. Ila karafuu yao inalisha nyumba nyingi kabla haijatoka kisiwani. Yetu tunaichuma, tunaichambua, tunaianika, kisha inapakiwa kwenye magunia kwenda nje vilevile ilivyo. Ukiacha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hatujafanya la maana, na miaka yote hii tumelalamikia bei tu. Dawa ya meno, sabuni, viungo vya kupakiwa vizuri, hayo yako ndani ya uwezo wetu.

Nilipotoka likizo nilimletea Bu karafuu za shambani kwetu. Akazisugua kiganjani, akanusa, akazisifu. Akaniuliza, "Nyinyi mnatengenezea nini?"

Nikamwambia tunauza.

Akasema "inggih", ndiyo ya adabu kwa Kijava, kwa upole, akaziweka kabatini.