Saa ya darasani haina shahidi ila kalamu

Lawama hii naisikia sana kwenye meza za chai pale Banana, jirani na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere: wakufunzi wa urubani siku hizi wamekuwa makarani. Somo la hali ya hewa limekwisha, ubao umefutwa, kijana ana daladala ya kuwahi, na mwalimu bado kainamia logibuku, daftari la kumbukumbu za mafunzo ya mwanafunzi, anaandika mstari wa nne. "Mwalimu, si uweke sahihi tu twende?"

Kijana hana kosa kuuliza. Ila mwalimu huyu, kwa maoni yangu, anaonewa.

Somo la angani lina mashahidi wengi. Daftari la ufundi la ndege linaonyesha iliruka lini na kutua lini, mnara wa kuongozea ndege una kumbukumbu yake, mita ya injini imesogea, risiti ya mafuta ipo. Mkufunzi akisahau kuandika, au akiandika uongo, pa kulinganishia papo. Somo la darasani, lile marubani wanaloliita graundi, halina hata kimoja cha hivyo. Viti vikisharudishwa mahali pake, saa mbili zile zinabaki kwenye vichwa vya watu wawili na kwenye wino. Wino ukiwa umesema "Graundi, saa 2" basi umesema kwamba watu wawili walikaa chumba kimoja.

Kanuni za urubani za Marekani, ambazo baadhi ya vijana wetu husomea chini yake kabla ya kurudi nyumbani kubadilisha leseni, zimeligusa jambo hili kwa namna ya ajabu kidogo. Kifungu cha 61.51 kinataka kila somo linalohesabiwa kwa ajili ya leseni, la angani au la darasani, liandikwe likiwa na maelezo ya kilichofundishwa, muda wake, sahihi ya mkufunzi na namba ya cheti chake. Hapo hakuna utata. Lakini kifungu cha 61.189, kinachomtaka mkufunzi wa urubani atunze kumbukumbu zake mwenyewe kwa miaka 3, kinataja majina ya aliowaidhinisha kuruka peke yao na aliowaidhinisha kufanya mitihani, pamoja na aina ya mtihani, tarehe na matokeo. Orodha ya masomo ya darasani haimo. Kwa hiyo logibuku ya mwanafunzi ikipotea baharini kwenye boti ya Zanzibar, mwalimu hakuvunja kanuni yoyote akisema hana nakala.

Upande wa pili una hoja, tena nzito. Wakufunzi wengi hulipwa kwa saa ya kufundisha, na dakika za kuandika ni sadaka. Maneno mengi hayathibitishi kwamba mtu ameelewa. Mwongo huandika mistari minne kirahisi kama mmoja. Na zaidi ya yote, wanasema, mtihani upo. Kama hakujua, atafeli.

Hoja hiyo ya mtihani ndiyo iliyonikalisha kitako. Mtihani wa maandishi wa leseni ya rubani binafsi kule Marekani una maswali 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Fanya hesabu: unaweza kukosa 18 na ukapita. Kumi na nane! Yakiwa yametawanyika, hewala. Yakiwa yamerundikana kwenye hali ya hewa, tuna rubani aliyefaulu ambaye hawezi kusoma wingu. Waliotunga kanuni waliliona hilo, ndiyo maana kabla ya mtihani wa vitendo mkufunzi hutakiwa kuthibitisha kwa sahihi yake kwamba mwanafunzi sasa anayajua yale maeneo aliyoonekana dhaifu kwenye mtihani wa maandishi. Maeneo hayo hurudiwa wapi? Darasani, zaidi ya kwingine. Sasa mwalimu anayetia sahihi ile bila rekodi ya somo lililoziba pengo, anaapa kwa kitu gani?

Tulete jambo hapa hapa Dar. Kusi ikivuma, hewa hutoka kusini-mashariki na kuikata njia yetu kuu ya kurukia ndege, iitwayo 05/23, karibu kwa pembemraba. Mkufunzi mmoja ataandika: "Upepo, saa 1." Mwingine ataandika maelezo ambayo, kwa Kiswahili chetu, yangesomeka hivi: "Kukokotoa upepo wa ubavuni, njia 23, upepo nyuzi 140 nodi 16. Kulinganisha na nodi 15 za upepo wa ubavuni zilizotajwa kwenye kitabu cha ndege ya Cessna 172. Bado anachanganya pembe. Saa 1 na dakika 20." Mkufunzi mpya akiipokea logibuku hii ya pili Jumatatu asubuhi, anajua pa kuanzia kabla hajamsalimia mwanafunzi. Kile kipande cha "bado anachanganya pembe" hakuna kanuni iliyokidai. Kwangu ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Nakubali kwamba mwalimu kujiwekea nakala za maelezo kama hayo, hata kama kanuni haimlazimishi, kuna hatari yake. Tangu sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, kuweka udhaifu wa watu kwenye bahasha ndani ya buti ya gari ni kutafuta kesi. Na dakika kumi za kuandika zilipwe, ziwekwe kwenye ada waziwazi; hapo nasimama na wakufunzi bila kigugumizi.

Bwana mdogo mmoja ninayemfahamu alirudi kutoka masomoni ng'ambo na kurasa mbili za graundi, kalamu moja, "saa 2" toka juu mpaka chini. Chuo alichotaka kuendelea nacho kilimuuliza alifundishwa nini. Akampigia mwalimu wake wa zamani, mtu muungwana, akamkumbuka kwa jina na hata kwa utani wake. Masomo yenyewe hakuyakumbuka, na nakala hakuwa nayo. Kijana akakaa tena darasani miezi miwili, akilipia saa ambazo alikwisha kuzilipia.