Elektroniki miaka miwili au kozi ya siku 10 ya chipu?

Tangu TSMC, kampuni ya Taiwan, waanze kujenga kiwanda chao cha chipu za kompyuta kaskazini mwa Phoenix mwaka 2021, vijana wetu wa Arizona, awe Mkongo, Mrundi au Mkenya, wanauliza kitu kimoja: nikae komyuniti koleji miaka miwili nisome elektroniki nitoke na AAS (digrii ya ufundi ya miaka miwili), au nifanye ile kozi ya siku 10 ya komyuniti koleji za Maricopa niingie kiwandani? Mi niko upande wa miaka miwili, ila wa kozi fupi wana hoja nzito.

Mtu ana watoto, kodi ya nyumba inamsubiri kila mwezi, usiku anapanga maboksi ghalani, huyo utamwambia asubiri miaka miwili kweli? Kwenye kozi fupi, masaa manne kwa siku anajifunza usalama, vifaa vya msingi, kuvaa yale mavazi ya kuzuia vumbi, na intavyuu anaweza kuomba. Simlaumu hata kidogo.

Shida ni kwamba anachojua kinaishia kwenye aina moja ya kiwanda. Agosti 2024 Intel, kampuni nyingine ya chipu yenye viwanda vikubwa pale Chandler karibu na Phoenix, walitangaza kupunguza wafanyakazi zaidi ya 15,000. Panga likikupitia na ujuzi wako ndio huo tu, unaenda wapi?

Sasa miaka miwili inakupa nini? Sio kuunganisha vifaa kwenye bodi ya saketi kwa risasi ya kuyeyusha, hiyo mkono unazoea haraka. Ni kutafuta ubovu kwa akili. Chukua saketi ya kawaida, volti 12 zinaingia kwenye regyuleta ya 7805 (kifaa kidogo cha kushusha na kutuliza volti) zinatakiwa zitoke 5, unapima unakuta 12 zinaingia vizuri ila kinachotoka ni sifuri. Asiyesoma anang'oa regyuleta palepale. Aliyesoma anachomoa lodi (vile vinavyotumia huo umeme) kwanza halafu anapima tena, zikirudi 5 basi regyuleta ni nzima, kuna shoti huko mbele, na angefunga mpya ingekuwa yale yale. Au multimeta inaonyesha 12 lakini kifaa kinajizimazima, ukiweka osiloskopu, mashine inayochora umeme kwenye skrini, unaona mawimbi ya hezi 120 juu ya umeme wako, unaanza kumshuku kapasita wa kuchuja, yule anayelainisha umeme, amekauka. Akili hiyo unaenda nayo kwenye mashine za hospitali, lifti, PLC za maghala (kompyuta ndogo zinazoendesha mashine), popote wanapohitaji fundi.

Na ada isikutishe sana, Pell Grant, msaada wa ada wa serikali kuu ambao haurudishwi, kwa mwaka 2024-25 ilifika dola 7,395, na mkimbizi mwenye hati zake anaruhusiwa kuomba.

Ila na huku msidanganywe. Sehemu nyingi kazini bodi hairekebishwi, inatolewa nzima inawekwa nyingine, kwa hiyo ule ujuzi wa kushuka mpaka kwenye kapasita moja usipoutumia unapotea. Kubwa zaidi, na hili linaniuma, hesabu za AAS mara nyingi zinaishia aljebra na trigonometria, kalkulasi, zile hesabu za juu za uinjinia, hamna. Siku ukitaka kuwa injinia unaambiwa sehemu kubwa ya kozi zako hazihesabiki. ASU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona) wana BAS, digrii ya kwanza ya sayansi tumizi inayopokea watu wa AAS, nzuri kwa kupanda cheo, lakini sio digrii ya uinjinia na wengi wanalijua hilo wakiwa wameshamaliza. Kwa hiyo kama una hata wazo dogo la uinjinia, mwambie mshauri wa masomo siku ile ya kwanza unajiandikisha akuweke kwenye njia ya kalkulasi, hata kama programu yako haidai.