Vilele Vitano Havipimwi kwa Kilomita

Nimesoma tangazo la matembezi ya siku moja ya kuvuka vilele vitano, na tangu nilisome sijatulia. Tangazo lenyewe ni fupi: njia ina kilomita 26, tunaanza saa moja asubuhi, mwendo wa kawaida wa binadamu ni kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo ifikapo saa saba mchana tutakuwa tumemaliza, mapumziko yakiwemo. Chini yake watu wamemwaga pongezi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni mita ngapi za kupanda.

Mwaka 1892, Mskoti William Naismith aliandika kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili 3 za njia, na saa moja ya ziada kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vya mita, hiyo ni takriban kilomita 5 kwa saa, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kwenda juu. Mwandishi wetu wa tangazo amechukua nusu ya kwanza ya kanuni na kuitupa ya pili, ambayo ndiyo yenye mlima ndani yake. Kwa hesabu yake, kuvuka milima na kuvuka uwanja wa mpira ni kazi moja.

Tufanye hesabu kamili, kwa sababu watu hujidanganya zaidi hapa kuliko penginepo. Tuseme kilele cha kwanza kinadai mita 900 kutoka unapoanzia. Ukishakifikia unashuka mita 250 na kupanda 300 kwenda cha pili. Unashuka 200 na kupanda 180 kwenda cha tatu. Unashuka 350 na kupanda 320 kwenda cha nne. Unashuka 150 na kupanda 200 kwenda cha tano. Anayeitazama ramani kwa haraka ataona kwamba kilele kirefu kuliko vyote kiko mita 950 tu juu ya mahali pa kuanzia, naye ataandika mita 950 kwa moyo mweupe. Lakini kila mita uliyoshuka kati ya vilele uliishaipanda, na mlima unakudai uipande tena. Jumla ya kupanda ni mita 1,900. Kilomita 26 zinataka muda wa saa 5 na dakika 12. Mita 1,900 zinataka saa 3 na dakika 10. Hiyo ni zaidi ya saa 8 na dakika 20, na hakuna aliyeketi, aliyekula, aliyefunga kamba za viatu wala aliyemsubiri mwenzake. Weka na hayo, uko kwenye saa 10. Aliyeondoka saa moja asubuhi atamaliza saa kumi na moja jioni, na katika majira mengine na sehemu nyingine za dunia hiyo ni saa ya giza.

Hata hivyo, Naismith mwenyewe alikuwa mkarimu. Kanuni yake haijui kwamba miguu ya kilele cha tano si ile ya kilele cha kwanza, wala haihesabu kushuka. Mpanda milima Eric Langmuir ndiye aliyeirekebisha baadaye kwa kuongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka penye mteremko mkali, jambo ambalo goti lolote lililowahi kuteremka kwenye changarawe jioni lingeweza kumthibitishia bila kalamu.

Msiniambie kwamba natia chumvi kwa sababu milima yenyewe ni midogo. Kaskazini mwa Uingereza kuna vilele vitatu, Pen-y-ghent, Whernside na Ingleborough, na hakuna kinachofika mita 740. Watu huvizunguka vyote kwa siku moja: takriban kilomita 39, na karibu mita 1,600 za kupanda. Muda ambao watembeaji hujiwekea kwa desturi ni saa 12. Ukitumia kanuni ya Naismith utapata kama saa 10 na nusu, na ukiongeza mapumziko utaona kwamba desturi hiyo haikuokotwa njiani.

Baada ya hesabu ndipo huja saa ya kugeuka, yaani saa ambayo ikifika mnaanza kushuka hata kama kilele hamjakifikia, nayo huwekwa nyumbani, mezani, akili ikiwa imetulia. Niliwahi kutembea na mama mmoja aliyekuwa akituongoza, ambaye alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, imeandikwa kwa penseli saa ya kufika kila kilele, na kando ya kila saa, upande wa kushukia iwapo tungechelewa. Chini ya kilele cha nne aliitoa, akaitazama, akatazama saa ya mkononi, akasema, "Tunashukia hapa." Anga lilikuwa jeupe, kilele tulikiona, na kijana mmoja alinuna hadi tulipofika chini. Mama hakubishana naye. Alikuwa ameshabishana na nafsi yake siku ileile alipokuwa akiandika. Tangazo letu halina saa ya kugeuka hata moja, wala halisemi katikati ya vilele mtu anaweza kushukia wapi, kana kwamba safu nzima ni bomba: ukiingia upande huu, lazima utokee upande ule.

Kuna watakaonijibu kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Methali ni nzuri. Ila aliyeitunga sidhani kama alikuwa juu ya mgongo wa mlima wenye magenge pande zote mbili, ukungu umeshuka, na simu imezima kwa baridi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo watu wanaoweza kuvuka vilele vitano kwa muda huo wa saa sita. Wanakimbia, wamebeba kikoba kidogo, na wamefanya mazoezi miaka mingi. Tangazo halikuandikiwa hao. Linasema "wote mnakaribishwa", na kundi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma, si wa aliyeandika tangazo.

Mengine nayataja kwa kifupi. Radi za milimani hupenda alasiri, kwa hiyo vilele vilivyo wazi vipangwe asubuhi, ikibidi kwa kuondoka alfajiri. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata kabla upepo haujaanza, kwa hiyo nguo nzito si mapambo. Maji yahesabiwe kwa kujua chemchemi ziko wapi na kama zina maji msimu huo. Juu ya safu ya vilele mara nyingi hakuna tone. Tochi ya kichwani ibebwe hata na anayeapa kwamba atarudi mchana. Na abaki mtu nyumbani mwenye nakala ya ratiba na saa maalumu ya kukumbuka, ambayo ikipita bila habari ataomba msaada. Kwa tangazo lilivyo sasa, mtu huyo angeanza kuwaita waokoaji saa nane mchana, wakati kundi zima likiwa linapumua tu, lina afya, na bado halijakiona kilele cha nne.