Ardhi Inayopatikana kwa Shoka

Kila msitu wa tropiki unapoteketea, lawama humwangukia mkulima maskini, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi ni serikali zenyewe zilizofanya ukataji uwe na faida.

Tazama hekta moja ya Amazon nchini Brazil. Kwanza hutolewa magogo ya thamani kama mahogani. Miti iliyobaki hufyekwa, huachwa ikauke wakati wa kiangazi, kisha hutiwa moto, na juu ya majivu yake hupandwa nyasi za malisho. Udongo huchoka baada ya miaka michache, na ukipiga hesabu ya nyama pekee, faida ni ndogo mno. Lakini ng'ombe wale ni ushahidi kwamba ardhi "imeendelezwa", na kwa miongo mingi aliyefyeka ardhi ya umma alikuwa na matumaini ya kuhalalishiwa umiliki wake, huku serikali ikiwaongezea wafugaji wakubwa ruzuku na nafuu za kodi. Mwenye kuuacha msitu usimame hakuwa na cha kuonyesha.

Indonesia nayo ilitoa vibali vya kuvuna vya miaka 20 katika misitu iliyopaswa kuvunwa tena baada ya miaka 35. Nani angetunza miche ambayo angevuna mwingine?

Hesabu hizo zinaweza kubadilishwa. Kuanzia mwaka 2004 Brazil iliimarisha doria kwa kutumia picha za setilaiti, na mwaka 2008 mikopo ya kilimo katika Amazon ikafungwa kwa mtu asiyeweza kuthibitisha kwamba anafuata sheria za mazingira. Eneo lililokatwa kwa mwaka lilishuka kutoka zaidi ya kilomita za mraba 27,000 mwaka 2004 hadi chini ya 5,000 mwaka 2012. Kwa muda bei za soya na nyama nazo zilikuwa zimeshuka, hilo nalikubali. Hata hivyo, usimamizi ulipolegezwa baadaye, ukataji ulipanda tena, ukapita 13,000 mwaka 2021.

Ninachokitamani zaidi ni mfano wa Costa Rica, ambayo kwa sheria ya mwaka 1996 ilipiga marufuku kugeuza msitu kuwa shamba, na papo hapo ikaanza kuwalipa wenye misitu kwa maji na hewa ya ukaa vinavyohifadhiwa humo, sehemu kubwa ya fedha hizo ikitokana na kodi ya mafuta ya magari.