Madaraja Yangu Thelathini

Darasani wananiita Injinia. Nasoma baiolojia.

Nilipewa kazi ya kutafuta madaraja ya DNA. Seli ikigawanyika, kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA, huvutwa pande mbili, ila safari nyingine hunasana na kuacha uzi katikati, kama watoto wawili wanaogombea chapati. Nikanunua vitunguu vya Singida, nikaviotesha mizizi kwenye vikombe vya maji ya kisima, haya yetu ya Dodoma ya chumvichumvi, nione kama yanaidhuru. Kimoja, mwenzangu wa chumbani alikikaangia mayai. Tuyaache.

Ncha za mizizi nikaziloweka kwenye ethanoli sehemu 3 na asidi ya asetiki sehemu 1, nikazilainisha kwa asidi yenye joto la nyuzi 60, nikazitia rangi ya orsini, ile ya zambarau, nikazifunika kwa kijioo na kubonyeza kwa dole gumba. Hapo ndipo penye kazi. Ukilegea, seli zinapandana, ukikaza, krii! Vijioo vinne vilikwenda na maji.

“Bonyeza kama unaua kunguni,” mzee wa maabara akanielekeza. Kwa kunguni, hosteli imenipa uzoefu.

Siku hiyo upepo ulijaza vumbi hadi kwenye hadubini. Nikachomoa lenzi ya jicho, nikaifuta ndani nje kwa ncha ya mtandio, nikairudisha. Kuchungulia: daraja! Seli ya pili, daraja. Seli 30, madaraja 30. Hata zilizolala, zisizo na habari ya kugawanyika, zina daraja lao.

Nikapiga ukelele. Mwenzangu mmoja akamwaga chupa yake ya maji ya kisima kwenye sinki. Nami nikampigia baba: “Baba, nimepata madaraja thelathini!”

Mzee wa maabara akaja, akachungulia, akaguna. Akasukuma kioo kushoto: seli zikaenda, daraja likabaki. Akazungusha lenzi ya jicho: daraja likazunguka nayo kama mshale wa saa.

“Binti, mtandio wako rangi gani?”

“Zambarau, mzee.”

Akautazama ukingo wake unaofumuka, akatoka nje kucheka. Nilirudia kuhesabu alasiri nzima. Daraja, hata la dawa.

Jumapili baba akapiga. “Mwanangu, nimeshawaambia wazee. Katika hayo thelathini, moja lije kwetu. Korongo likijaa watoto hawaendi shule.”

Nikamwambia bajeti bado haijapita.