Málaga: uende au uwaachie wenyewe mji wao?

Siku hizi ukisema unaenda Málaga, mji wa pwani kusini mwa Hispania, kuna mtu lazima akuulize kama huoni haya, maana Juni 2024 wenyeji waliandamana kwa maelfu kulalamikia bei za nyumba na wengi huku nje wakachukulia kwamba wanachukia wageni. Mi naona ugomvi wao ni na wenye fleti, mbeba begi ameingizwa tu.

Ishu iko hivi. Mwenye fleti pale katikati akimpangishia mtalii kwa siku anaingiza hela kuliko akimpangishia muuguzi kwa mwaka, sa we unadhani atamchukua nani? Ndo maana kwenye vichochoro unakuta milangoni vimefungwa visanduku vya funguo vya namba, na usiku wa manane ni magurudumu ya masanduku tu yakikwaruza mawe, jirani wa kumwazima chumvi hakuna.

Lakini tusijifanye kusahau, huu mji zamani watalii walikuwa wanatua uwanja wa ndege na kupitiliza Torremolinos, mji wa jirani, kwenye bichi. Picasso kazaliwa Málaga 1881 ila makumbusho yake yamefunguliwa 2003, treni ya kasi kutoka Madrid ikafika 2007, hapo ndo mji ukaamka. Hata ule uwanja wa maigizo wa Warumi chini ya ngome ya Alcazaba, uligunduliwa 1951 na juu yake kulikuwa kumeshajengwa nyumba ya utamaduni (ya utamaduni, jamani!), ikaja kubomolewa miaka ya tisini. Sidhani kama mji usiotegemea wageni ungehangaika hivyo.

Wanaosema basi lala hoteli wana pointi, mi mwenyewe niko upande huo, ila ukiwa na watoto watatu hoteli inakukamua na fleti ina jiko, hilo nalo tuliseme. Manispaa mwanzoni mwa 2025 ilisimamisha usajili mpya wa fleti za watalii kwenye mitaa 43, zilizokuwepo zikabaki, kwa hiyo muuguzi wetu bado anatafuta chumba.

Ukienda basi, hela yako ipeleke pia Pedregalejo au El Palo, mitaa ya wavuvi wa zamani. Sadini wanazichoma kama mishikaki, zimetungwa kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye mtumbwi uliojazwa mchanga, moto pembeni, chumvi ya mawe basi. Unakula kwa mkono, uma wa nini.